Daktari, meno ya utoto si yataanguka tu?

«Assalaam aleikum daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu na miezi minne, tunaishi Makorora hapa Tanga. Meno yake manne ya mbele ya juu yamekuwa ya kahawia na mawili yameanza kumeguka, ilhali ya chini ni meupe kabisa. Sasa gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, lina tundu, na kwa wiki mbili hizi anaamka usiku analia huku ameshika shavu. Nilimnyonyesha mpaka akatimiza miaka miwili. Tangu nimwachishe analala na bibi yake, kwa kuwa mimi hutoka alfajiri kwenda kazini, na bibi humpa chupa ya chai ya maziwa ili asinzie. Duka la dawa walinipa amoksilini, akapata nafuu siku nne, maumivu yakarudi. Bibi huyo, mama mkwe wangu, anasema hayo ni meno ya utoto, yataanguka yenyewe, tusimtese mtoto. Jirani anasema ni wadudu, na kuna mtu anawatoa. Dawa ya mswaki naiogopa kwa sababu anaimeza. Tena nina mdogo wake wa miezi sita, ana homa na anaharisha, na wameniambia nimwangalie meno ya plastiki. Nifanye nini?»

Wa aleikum salaam, dada yangu. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, nami nitaanza na lile uliloliweka mwisho, kwa kuwa hilo halisubiri. Mtoto wa miezi sita mwenye homa na kuharisha apelekwe kituo cha afya leo, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili, apimwe malaria na kuangaliwa kama amepungukiwa maji mwilini, na njiani uendelee kumnyonyesha. Usimruhusu mtu yeyote amguse ufizi kwa chombo chochote. Kile kinachoitwa meno ya plastiki, au nailoni kama wengine wanavyosema, ni chonge za utoto ambazo bado zimo ndani ya ufizi. Mahali pake huonekana pametuna na pana weupe kwa sababu ufizi wa mtoto mchanga ni mwembamba na jino limekaa karibu na uso wake. Kila mtoto anazo, mgonjwa na mzima, na zikiachwa hutoka zenyewe kati ya mwezi wa 16 na wa 22. Anayezichokonoa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli hatoi ugonjwa wowote. Anang'oa vichipukizi vya meno, na mara nyingi anajeruhi pia vichipukizi vya chonge za ukubwani vilivyolala karibu yake. Watoto wamepoteza maisha kwa kuvuja damu, kwa pepopunda na kwa sumu ya vidonda hivyo kuingia kwenye damu, na chombo kilichotumika kwa watoto watatu asubuhi moja kinaweza kupitisha virusi vya Ukimwi kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa tatu.

Naelewa kwa nini imani hii haifi. Karibu na miezi sita, kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama huwa imepungua, mtoto ameanza kula uji, anatambaa au yu karibu kutambaa, na kila anachokiokota hukipeleka mdomoni. Kwa hiyo umri wa kuota meno ndio huo huo wa kuharisha. Kuota meno huleta udenda, muwasho wa fizi, kununa na usingizi wa kukatika, lakini hakuleti homa ya nyuzi 38 wala kuharisha mara tano kwa siku. Na kwa kuwa tumeyagusa hayo: iwapo meno ya juu ya mdogo huyu yatatangulia yale ya chini, asitokee wa kumwita kigego na kuanza kutafuta mkosi. Ni mpangilio tu wa kuota, na watoto hutofautiana.

Sasa nije kwa kaka yake. Kama nilivyokuelewa, swali lako la msingi ni hili: je, kumpeleka mtoto kwenye kiti cha daktari kwa ajili ya jino ambalo litang'oka lenyewe si kumtesa bure? Mama mkwe wako hakusema uongo. Meno ya utoto ni 20, na yote huanguka. Alichokiacha ni tarehe. Meno ya mbele huanza kulegea mtoto akiwa na miaka sita, na yote manane huwa yameondoka kufikia miaka minane au karibu na hapo. Magego hubaki muda mrefu zaidi, na gego la mwisho, ambalo ndilo linalomwamsha mwanao, huanguka kati ya miaka 10 na 12. Hesabu mwenyewe. Gego hilo linatakiwa kumtafunia ugali, nyama na mihogo kwa miaka saba au minane ijayo. Sijapata kumwona mtu mzima aliyekubali kukaa miaka saba na tundu linalomwamsha usiku kwa hoja kwamba siku moja jino litatoka. Mtoto tunamkubalia kwa sababu hana kauli.

Liko pia jambo la nafasi. Karibu na miaka sita huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kuanguka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hawalitambui, na wengi huniletea likiwa limekwisha kutoboka wakidhani nalo ni la utoto. Gego hilo linapopanda, huegemea gego la utoto lililo mbele yake kama mtu anavyoegemea ukuta. Ukuta ukiwa umeondolewa mapema, gego jipya husogea mbele na kuziba nafasi ya jino lililokuwa lije baadaye, na jino hilo likija hukuta mlango umefungwa, likapanda kwa pembeni au likabaki ndani ya taya. Aidha, usaha ukikaa muda mrefu kwenye mizizi ya jino la utoto, unaweza kuharibu gamba la jino la ukubwani linalojengwa chini yake, likaja kuota na doa au likiwa na shimo tangu siku ya kwanza.

Tuje kwenye wadudu. Ndani ya tundu la jino hakuna funza, na vile viini vyeupe ambavyo watoaji huonyesha kwenye pamba havikutoka mdomoni mwa mtoto. Vilivyomo ni bakteria, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya ukoga, ule utando laini unaoukwangua kwa kucha asubuhi kabla hujapiga mswaki. Bakteria hao hula sukari, na wakishakula hutoa tindikali. Tindikali hiyo huanza kuyeyusha madini ya gamba la nje la jino pale uchachu wa mdomo unapofika chini ya kipimo cha 5.5, na baada ya kila mlo au kinywaji chenye sukari huchukua muda wa nusu saa, pengine zaidi, mate yakazimua tindikali na kuanza kurudisha madini yaliyoondoka. Jino, basi, linabomolewa na kukarabatiwa mara nyingi kwa siku. Huoza pale ubomoaji unapokuwa wa mara nyingi kuliko ukarabati, na jino la utoto huwahi kuliko la mtu mzima kwa sababu gamba lake ni jembamba, takribani nusu ya unene wa gamba la jino la ukubwani, na kiini chenye mishipa kimekaa karibu zaidi na uso.

Sasa utaona kwa nini, kama ulivyoandika, meno ya juu ni ya kahawia na ya chini ni meupe. Sentensi hiyo moja ilinitosha kuijua chupa kabla sijafika ulipoitaja. Mtoto aliyelala na chupa hunyonya, husinzia, huamka kidogo, hunyonya tena. Chuchu ya chupa hukaa juu ya ulimi, na ulimi huyafunika meno ya chini, ambayo pia yako jirani na matundu ya mate yaliyo chini ya ulimi. Chai tamu hukusanyika nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo. Nao usiku mate hupungua sana, kwa hiyo hakuna wa kuizimua. Chupa moja ya chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, ikinywewa kidogo kidogo toka saa tatu usiku mpaka alfajiri, ina madhara makubwa kuliko sukari hiyo hiyo kama angeinywa yote kwa kikombe saa kumi jioni akamaliza. Si wingi wa sukari peke yake unaoozesha meno. Zaidi ni idadi ya mara inazopita na muda inaokaa.

Usijilaumu kwa kunyonyesha. Maziwa ya mama ni sahihi mpaka miaka miwili na zaidi. Ila baada ya mwaka mmoja, meno yakiwa yameota, mtoto anayelala na titi mdomoni usiku kucha bila meno kusafishwa naye anaweza kuoza meno. Kwa hiyo mdogo huyu, jino lake la kwanza likitoka, lianze kusafishwa siku hiyo hiyo, na akishazoea kulala usiku, anyonye kisha alale, asilale akinyonya.

Turudi kwenye maumivu, kwa kuwa namna mtoto anavyoumwa ndiyo inayoamua tiba. Jino linalouma mtoto anapokula pipi au kunywa maji baridi, kisha likatulia baada ya dakika chache, kwa kawaida kiini chake bado ni kizima, na kuliziba kunatosha. Jino linalomwamsha mtoto usiku bila kuguswa na chochote ni habari nyingine. Hapo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu kimevimba ndani ya chumba kigumu kisichoweza kutanuka, na mtoto akilala, damu huongezeka kichwani na shinikizo humzidi. Hali hiyo hairudi nyuma. Huenda baada ya wiki chache maumivu yakakatika ghafla, na nyumbani mkashukuru kwamba jino limepona; halikupona, kiini kimekufa, na kinachofuata ni kipele kidogo cha usaha kwenye ufizi ambacho hutumbuka, hukauka, kisha hurudi. Kama kipele hicho kimekwisha kutokea pembeni mwa gego la mwanao, mwambie daktari.

Ndiyo maana amoksilini ilileta nafuu ya siku nne tu. Dawa ya kuua bakteria husafiri kwa damu, na ndani ya kiini kilichoharibika damu haifiki ipasavyo; inapunguza uvimbe wa pembeni, lakini mzizi wa tatizo unabaki pale pale ndani ya jino. Dawa hizo zina nafasi yake pale uvimbe unaposambaa usoni au mtoto anapopata homa, na hata hapo haziondoi haja ya kulitibu jino lenyewe. Usinunue chupa nyingine ya dawa hiyo.

Kwa gego hilo, basi, naona njia mbili, na nitakueleza uzuri na ubaya wa kila moja bila kukuficha. Ya kwanza ni kuliokoa: daktari hulitia ganzi, huondoa kiini kilichoharibika, hujaza dawa na kulivisha kofia ya chuma inayolifunika lote. Kofia hizo zinang'aa, si nzuri kwa picha, lakini hudumu mpaka jino litakapoanguka, na hilo ndilo tunalolitaka kwa jino lenye miaka saba ya kazi mbele. Ubaya wake ni kwamba inahitaji mtoto atulie kwenye kiti kwa muda, si kila kituo kina vifaa, na gharama yake ni kubwa kuliko kung'oa. Njia ya pili ni kulitoa. Ni ya haraka, inakata maumivu siku hiyo hiyo, na kama usaha umekwisha kula mfupa au jino limebomoka mpaka kwenye ufizi, ndiyo njia pekee ya haki. Ubaya wake ni ile nafasi niliyoieleza, na kwa gego la mwisho, likitolewa kabla gego la ukubwani halijaota nyuma yake, ubaya huo ni mkubwa zaidi kuliko kwa jino jingine lolote la utoto. Pale inapowezekana, daktari anaweza kuweka waya maalumu wa kushikilia nafasi, na mtoto atahitaji kufuatiliwa mpaka afike umri wa kubadilisha meno. Mimi ningejaribu kwanza kuliokoa. Lakini mtoto ambaye hajalala wiki mbili, na mahali alipo hakuna wa kuliokoa, ni bora atolewe jino leo kuliko kusubiri safari ya Dar es Salaam itakayochukua miezi mitatu.

Meno ya mbele yana masharti mepesi zaidi. Yataanguka katikati ya miaka sita na minane, hayashikilii nafasi kama magego, na kama hayaumi wala hayana usaha yanaweza kubaki. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa kwa kibrashi kidogo bila sindano wala mashine, ambayo husimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Dosari yake utaiona mara moja: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tii na kubaki hivyo. Baadhi ya akina mama hukataa kwa sababu ya harusi na picha za Idi, nami siwalaumu, ila weusi huo ni wa jino lililosimama kuoza, na kahawia laini uliyo nayo sasa ni ya jino linaloendelea kuoza. Dawa hiyo haifai kwa lile gego linaloamsha usiku. Kupaka juu ya kiini kilichoharibika ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Mwombe daktari aangalie pia magego mengine saba, maana ni nadra moja kuoza peke yake. Yenye matundu madogo yasiyouma yanaweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ile inayolia ambayo watoto huiogopa kuliko sindano, kisha yakajazwa saruji ya meno inayotoa floraidi polepole. Njia hii ina asili ya hapa kwetu. Ilianza katikati ya miaka ya 1980 katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, pamoja na wenzake, walitafuta namna ya kuziba meno katika vijiji visivyo na umeme, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Leo inatumika katika nchi nyingi, na nashangaa bado tunaona hapa nyumbani mtoto akipelekwa hospitali kwa jambo moja tu, kung'oa.

Lakini hata gego likipata kofia ya dhahabu, chupa ikibaki kitandani tutakutana tena mwakani kwa jino jingine. Najua chupa hiyo haikuwekwa kwa ubaya: bibi anataka mjukuu alale, naye ana umri wake na anahitaji usingizi. Kwa hiyo usiende kumnyang'anya usiku mmoja. Usiku wa kwanza na wa pili sukari ipungue nusu. Usiku wa tatu na wa nne chai izimuliwe kwa maji nusu kwa nusu, kisha robo kwa robo tatu, mpaka mwisho wa wiki chupa iwe na maji matupu. Wengi wakishakuta maji huiacha wenyewe, kwa sababu kilichowashikilia kilikuwa utamu. Kama ana njaa, ale chakula kamili saa moja usiku, anywe maziwa yake yasiyo na sukari kwa kikombe, apigwe mswaki, na baada ya hapo ni maji peke yake. Tarajieni kilio cha usiku mbili tatu, na anzeni baada ya jino kutibiwa, si sasa ambapo analia kwa maumivu na mtashindwa kujua analilia nini.

Mchana nao una mitego yake. Sina ugomvi na kashata wala na visheti, na mimi mwenyewe sijapata kupita penye halua nikageuza uso. Tatizo ni mtoto anayepewa mia mbili ya ubuyu asubuhi, barafu ya ukwaju akitoka madrasa, pipi ya kijiti anaponyamazishwa na juisi ya pakiti jioni, kwa sababu kila kimoja kinafungua upya ile nusu saa ya tindikali, na ukwaju wenyewe ni mchachu hata kabla ya kuwekewa sukari. Kitamu kiende pamoja na chakula, mara moja kwa siku, kisha basi. Mwezi wa Ramadhani uangalie zaidi: watoto wasiofunga hula mchana kama kawaida, halafu huungana nasi kuanzia tende na kaimati za magharibi mpaka tambi za usiku, wakalala na sukari mdomoni. Kati ya milo apewe maji, na akitaka cha kutafuna, kipande cha muwa si mbadala mzuri, ila tango, karanga zilizopondwa au chungwa zima la Muheza, lisilokamuliwa, ni bora.

Kupiga mswaki kwa umri wake ni kazi yenu, si yake. Mtoto hana ufundi wa mkono wa kusafisha magego mpaka afike miaka saba au minane. Kigezo ninachowapa wazazi ni kwamba anayeweza kufunga kamba za viatu vyake vizuri ndiye anayeweza kuanza kuachiwa mswaki. Kaa mkekani, mlaze chali kichwa chake kikiwa mapajani mwako, macho yake yakikutazama, na mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu. Kwa kidole cha shahada nyanyua mdomo wa juu mpaka uone pale ufizi unapokutana na jino. Hapo ndipo uozo huanzia. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, usiong'aa, sambamba na ufizi, hiyo ni hatua ambayo bado inarudi nyuma kwa floraidi na kuacha chupa, na ni vizuri ujifunze kuutambua kwa ajili ya mdogo wake. Chukua mswaki mdogo laini, nenda kwa miduara midogo midogo, nje, ndani, kisha juu ya magego kwenye mifereji yake, upande mmoja baada ya mwingine. Dakika mbili. Ukifuta damu kidogo kwenye fizi usiogope wala usiache. Fizi inayotoka damu ni ile isiyosafishwa vya kutosha. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku ndiyo isiyosameheka. Mswaki wa mti ni mzuri kwa babu aliyeuzoea, lakini kwa kinywa cha mtoto haufiki kwenye mifereji ya magego. Mkaa na majivu yasitumike kabisa. Yanakwangua gamba ambalo tayari ni jembamba.

Kuhusu kumeza dawa ya mswaki, hofu yako ina msingi, ila imezidi kipimo. Floraidi ndiyo inayosaidia madini kurudi kwenye jino, na dawa isiyo nayo ni povu lenye harufu nzuri. Angalia nyuma ya boksi: unatafuta namba isiyopungua 1,000 mbele ya herufi ppm. Usidanganyike na picha ya katuni, kwa sababu baadhi ya dawa za watoto hazina floraidi au zina nusu ya kiasi hicho. Kwa mtoto asiyefika miaka mitatu, kiasi ni punje moja ya mchele. Kuanzia miaka mitatu ni punje ya kunde, lakini kwa kuwa wako hajajua kutema, baki kwenye punje ya mchele mpaka ajifunze. Punje hiyo ina takribani miligramu 0.1 ya floraidi, na hata akiimeza asubuhi na usiku haitamdhuru. Madoa ya kahawia tunayoyaona kwa ndugu zetu wa upande wa Arusha na Meru yanatokana na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi, kuzidi miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa ukomo, wakiyanywa miaka yote ambayo meno yalikuwa yanajengwa. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji, ili kilichobaki kifanye kazi. Tyubu yenyewe iwekwe juu asipofikia, kwa kuwa anayeila kama pipi ndiye atakayeumwa.

Kwa usiku wa leo, kabla hujafika hospitali, mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake kama kilivyoandikwa kwenye chupa, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na usirudie kabla ya kupita muda wa saa nne tangu dozi ya mwisho, wala usizidishe mara nne kwa siku. Msafishe tundu kwa mswaki, maana mara nyingi chakula kilichokwama ndicho kinachoongeza maumivu. Usimpe aspirini, si dawa ya watoto. Mafuta ya karafuu hutuliza kweli, lakini huunguza ufizi, na kwa mtoto mdogo kumeza hata kijiko kimoja ni hatari, kwa hiyo yaache yabaki kwa watu wazima.

Ukiona shavu limevimba na uvimbe unapanda kuelekea jicho au unashuka chini ya taya, au ana homa, hawezi kufungua kinywa, anashindwa kumeza mate yake au anapumua kwa shida, usisubiri asubuhi wala zamu ya daktari wa meno. Mpeleke moja kwa moja mapokezi ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo. Uvimbe wa chini ya taya unaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache.

Kama hakuna dalili hizo, wiki hii hii mpeleke kitengo cha meno. Kwenye hospitali ya wilaya utampata tabibu meno anayeweza kuziba na kung'oa, na kwa tiba ya kiini na kofia atakupa rufaa. Beba kadi ya kliniki, na uliza dirishani kuhusu msamaha wa malipo kwa walio chini ya miaka mitano. Nenda asubuhi, mtoto akiwa amekula na hajachoka. Usimwambie kwamba haitauma, kwa sababu akiumia hatakuamini tena, wala usimtishie sindano anapokuwa mtundu. Mwambie tu kuna mtu ataangalia na kuhesabu meno yake, mkahesabu pamoja njiani. Na siku hiyo, dada yangu, omba ruhusa kazini lakini usiende na mtoto peke yenu. Mama mkwe wako aje naye, akae karibu na kiti, amulike yeye mwenyewe ile tochi na aone kwa macho yake nyuma ya meno ya juu, kwa kuwa usiku ni yeye atakayekuwa na chupa mkononi, wewe ukiwa umelala chumba kingine.